Tingatinga: Msee Aliyeuza Kitu Kimoja Chini ya Mbuyu Hadi Jina Lake Likawa Biashara

Wadau, kabla niwape story ya huyu msee, wacha nianze na aibu yangu. Mwaka ule niliacha chuo nikarudi ocha, pale Manga, Nyamira, nilipata mathe ameanza kukaanga krispi za ndizi jikoni. Kwetu ndizi si shida, shida ni wateja. Na kwa vile mimi ndiye nilikuwa nimekula karo bila kuleta cheti, kazi ya kutangaza biashara nikaachiwa.

Nikachukua bati kuukuu nikaandika kila kitu. Krispi, njugu karanga, mayai ya kienyeji, kuchaji simu, kusuka nywele, oda za harusi na matanga, halafu chini kabisa mstari wa kumshukuru Mungu. Nikapigilia kwa mti kando ya barabara. Bodaboda zikapita. Matatu za kwenda Kisii zikapita. Wiki mbili zikaisha. Mtu wa kwanza kusimama alikuwa anauliza kama tunauza mabati.

Ni wakati huo nilianza kusoma maisha ya Edward Saidi Tingatinga. Najua ukisikia Tinga hapa Kenya akili inakimbia kwa siasa. Na kama ulikuwa mtoi 2010, unakumbuka katuni za Tinga Tinga Tales, zile za wanyama wenye madoadoa na rangi kali, zilizotengenezwa hapa hapa Nairobi na vijana wa Homeboyz. Jina la hiyo katuni lilitoka kwa mtu. Na huyo mtu hakuwa na ofisi wala hakuwa amesomea sanaa popote.

Edward alizaliwa 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania, si mbali na mpaka wa Msumbiji. Familia ya wakulima, pesa hakuna, shule kidogo tu. Alipokuwa kijana akafanya kile vijana wa kusini walikuwa wanafanya miaka hiyo, akatoka kwenda Tanga kutafuta kibarua kwa mashamba ya mkonge. Kama umewahi kugusa mkonge unajua hiyo kazi si ya mchezo. Mwisho wa miaka ya 1950 akahamia Dar es Salaam, ambapo jamaa yake mmoja alikuwa anafanya kazi kwa nyumba ya Mzungu. Edward naye akapata kazi ya nyumbani huko huko, bustani na mambo ya jikoni.

Halafu 1961 uhuru ukaja. Nchi nzima inasherehekea, lakini kwa Edward uhuru ulikuja na barua ya kukosa kazi, juu Waingereza walianza kurudi kwao na bosi wake akaenda. Kuanzia hapo ni maisha ambayo mahasla wa leo wanayajua vizuri. Leo mjengo, kesho kuuza matunda na mboga, keshokutwa hakuna kitu. Miaka inasonga, jamaa anakaribia 40, na hana kitu anachoweza kusema ni chake.

Sasa hapa ndipo story inageuka. Oysterbay ilikuwa mtaa wa wadosi, mabalozi na wataalamu wa kigeni, na pale palikuwa na duka kubwa linaitwa Morogoro Stores. Edward alikuwa anaona wageni wakiingia na kutoka na mifuko. Alikuwa pia anaona vile mjini watu wananunua vinyago vya Wamakonde na picha za wachoraji kutoka Kongo. Wageni walikuwa wanataka kitu cha Afrika cha kupeleka kwao. 1968 hivi, akaamua na yeye atachora.

Tatizo ni kwamba rangi za wasanii na turubai zilikuwa bei mbaya. Kwa hivyo akaenda dukani akanunua kile mtu wa kawaida anaweza kununua. Rangi ya mafuta, ile ya kung'aa ambayo watu walikuwa wanapaka baiskeli, na mbao nyembamba za kugandamizwa, zile mafundi wanatumia kwa dari. Akakata vipande vya mraba, karibu futi mbili kila upande. Studio ilikuwa ni chini ya mti wa mbuyu, nje, karibu na wateja wenyewe.

Angalia vile alipanga kazi yake, hii ndiyo sehemu ilinishika. Mara nyingi, ubao mmoja, mnyama mmoja. Kama ni chui, ni chui tu, amejaza ubao kutoka pembe hadi pembe, macho yanakuangalia. Nyuma hakuna milima, hakuna jua linazama, hakuna kijiji. Nyuma ni rangi moja tu imetulia. Halafu chini anaandika jina lake kwa herufi kubwa ambazo hata mtoto anasoma. Basi. Mtu akiwa ndani ya gari anatafuta mahali pa kupaki, tayari ameshajua kinauzwa nini na nani amekichora. Na akinunua, picha inaingia kwa sanduku la safari bila kusumbua.

Sidhani kuna mtu alimkalisha chini kumfundisha haya. Rangi ya baiskeli inang'aa, haitaki mambo mengi juu yake. Ubao mdogo hauna nafasi ya hadithi ndefu. Lakini nafikiri pia alikuwa amewaelewa wateja wake. Mgeni mwenye haraka hawezi kusimama kwa jua kusoma mawazo yako yote. Mpe kitu kimoja akipende ama akiache.

Na hii biashara haikuwa ya mtu mmoja. Aliishi Msasani, si mbali na hapo, na karibu 1970 alioa Agatha Mataka. Wakati huo Edward alikuwa amepata kazi hospitali ya Muhimbili, kwa hivyo alikuwa anachora muda wa ziada na Agatha anasaidia kuuza. Ukiuliza ofisi ya mauzo ilikuwa wapi, ilikuwa ni mke wake amekaa na picha karibu na Morogoro Stores, mahali pale pale. Mteja aliyenunua mwezi uliopita akirudi na rafiki yake, anajua atawapata wapi. Hilo nalo ni tangazo, na halihitaji kuandikwa.

Picha zikaanza kutoka. Zikatoka hadi mikono miwili haikutosha, akaita vijana wa familia na wa kwao. Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo, Simon Mpata. Akawafundisha chini ya mbuyu ule ule, kwa rangi zile zile. Shirika la serikali la sanaa nalo likaanza kununua kazi zake. Kwa mara ya kwanza maishani, kibarua wa mkonge alikuwa na mlango unaofunguka.

Halafu 1972. Usiku, mjini Dar, Edward akiwa ndani ya gari, polisi wakadhani ni gari la wezi wanaotoroka. Wakafyatua risasi. Edward akafa. Alikuwa na miaka kama 40, mke kijana na watoto wawili wadogo. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu.

Hapo niliweka simu chini nikatulia. Huyu ni mtu ambaye kazi yake ungeitambua kutoka ng'ambo ya barabara, na usiku huo hakuna aliyemtambua yeye. Na wale waliokuwa wanamtegemea wakabaki na nini? Hakuacha shamba wala akiba ya maana. Aliacha mbuyu, makopo ya rangi na namna ya kuchora.

Lakini hiyo namna ilikuwa wazi sana kiasi kwamba iliweza kubebwa. Wanafunzi wake walirudi chini ya mti wakaendelea. Mnyama mmoja, rangi moja nyuma. Mpata alikuja hadi Nairobi kuuza kazi zake, na leo kuna hoteli ya kitalii huko Maasai Mara yenye jina lake. Wengine walibaki Dar, na 1990 wakasajili chama cha ushirika, ambacho kimeendelea kuchora na kuuza pale pale Oysterbay. Baadaye picha zikabadilika, wanyama wakawa wengi, vijiji vikaingia, hospitali na soko vikaingia. Jina halikubadilika. Leo watu wanasema wanachora tingatinga, kama vile mtu anasema anacheza rumba. Jina la mtu likawa jina la kitu.

Ukweli usemwe, hiyo ina ubaya wake. Kitu rahisi kuelewa ni rahisi kuiga pia. Ukitembea maduka ya watalii kutoka Zanzibar hadi Nairobi utapata tingatinga zimejaa, na nyingi hazijaletea familia yake hata shilingi. Kuna hata picha feki zenye sahihi yake, maana kazi chache alizochora mwenyewe sasa zinauzwa pesa ndefu. Kwa hivyo ukipata ujumbe wako ukashika, linda jina lako mapema ukiwa bado hai.

Mimi nilirudi kwa lile bati. Nikalipaka nyeupe lote, mayai na kusuka nywele na kila kitu vikapotea. Nikachora ndizi moja ya njano, kubwa, imejaa. Chini nikaandika krispi, bei, na jina ambalo mtaa wote wanamuita mathe. Mstari wa Mungu mathe alisema tutausema kanisani.

Sitawadanganya eti tumeomoka. Lakini ile wiki ya kwanza bodaboda watatu walisimama, na hakuna aliyeuliza bei ya mabati. Mayai bado tunauza. Ukishakuja kuchukua krispi, utayaona tu pale mlangoni.

Haya, sasa wewe. Mtu akipita mbele ya hasla yako kwa sekunde mbili, ataondoka akijua unauza nini?