Marehemu Philip Ndunguru

Ndugu zangu, mnazikumbuka Sani zilizotufikia hapa Karatu kwa basi la Arusha, kurasa zimelegea kwa kupokezanwa? Mimi nilimnakili Lodi Lofa nyuma ya daftari la hesabu, nikinuia kuwa mchoraji. (Leo ni mtumishi wa Serikali, nachora majedwali.)

Kabla yake wasomaji wa gazeti la Uhuru walikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory. Ndunguru naye aliwaumba Lodi Lofa na Ndumilakuwili, akafariki mwaka 1986, angali kijana. Wenzake wakaendelea kuwachora. Basi sisi bwenini, katika baridi ishukayo kutoka Ngorongoro, miaka ya tisini, tulicheka na watu ambao baba yao alikwisha zikwa, wala hatukujua. Lodi wangu ninaye bado, mguu mmoja mfupi.