Carl Wilhelm Scheele, mfamasia aliyeonja dawa zake

Mama, huenda unayajua yale magugu ya shambani yenye vijani vitatu kama mioyo, ambayo watoto huyatafuna kwa sababu ni machachu. Uchachu wake unaitwa asidi ya oksaliki, na jina hilo limetokana na magugu yenyewe. Wataalamu wa mimea huyaita Oxalis, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya chachu. Mmoja wa waliotufumbulia asidi hii ni mfamasia Carl Wilhelm Scheele.

Alizaliwa Desemba 1742 huko Stralsund, mji ulio Ujerumani leo lakini wakati huo ulikuwa chini ya Sweden. Akiwa na miaka 14 alikwenda Gothenburg kujifunza kazi katika duka la dawa. Hakusoma chuo kikuu. Alihama mji hadi mji akiuza dawa na kufanya majaribio, na mwaka 1775 akafika Köping, mji mdogo, akabaki huko.

Vitu vya jikoni ndivyo vilivyompa mengi. Kwenye maziwa yaliyochacha alipata asidi ya laktiki (1780), kwenye limau asidi ya sitriki (1784), na kwenye matufaha asidi ya maliki (1785), ambayo jina lake linatokana na neno la Kilatini la tufaha. Maliki na oksaliki zote zimo katika rubabi, mmea wa nchi za baridi ambao mabua yake machachu hupikwa kwa sukari. Oksaliki alikuwa ameshaitengeneza kutokana na sukari. Mwaka 1784 akaonyesha kwamba ni ileile iliyomo kwenye majani machachu. Akaikuta pia kwenye mzizi wa rubabi, uliouzwa kama dawa ya kulainisha choo, ikiwa imeshikana na kalsiamu. Mawe mengi ya figo ni oksaliki na kalsiamu zilizoshikana vivyo hivyo.

(Mchicha na spinachi vina oksaliki pia. Usiache kuwapikia watoto. Ila kama nyumbani kuna mwenye mawe ya figo, chemsha mboga yake na umwage maji.)

Scheele alikuwa na tabia moja mbaya: alionja alichokitengeneza. Alifanya kazi na aseniki, zebaki na sianidi, akivuta mivuke yake. Afya ikaharibika, figo zikaugua. Mei 1786, akiwa hoi kitandani, alimwoa mjane wa mfamasia aliyemtangulia ili duka libaki mikononi mwa mama huyo. Siku mbili baadaye alifariki. Alikuwa na miaka 43. Wengi wanaamini ni sumu alizozishika miaka yote.

Rubabi yenyewe huliwa bua tu, kwa kuwa majani yake ni sumu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walishauriwa kuyala kama mboga kwa sababu ya uhaba wa chakula, na wapo waliokufa.

Kwa hiyo mwanao akitafuna jani usilolijua, au akinywa kitu cha kwenye chupa isiyo na lebo, toa mabaki mdomoni na usimlazimishe kutapika. Mpeleke kituo cha afya mara moja, ukibeba jani au chupa hiyo. Usikionje wewe ili kujua ni nini.