Sheikh Al-Amin Mazrui: Yatima Aliyeshikwa Mkono



Ndugu na dada zangu wa mwaka wa kwanza, karibuni Kampala. Mhariri ameniomba niwaandikie maisha ya mmoja wa wanavyuoni wetu, nami nimemchagua Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, Allah amrehemu. Sisi tuliotoka pwani tulilisikia jina lake tangu madrasa. Lakini aghalabu tunasimuliwa mwisho wake tu: Kadhi Mkuu wa Kenya, mwandishi, mwalimu wa mashekhe. Mimi nataka tuuangalie na mwanzo wake, kwa sababu nyinyi mko mwanzoni.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo wa Mazrui uliowahi kuutawala mji huo. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka minne hivi. Mtu angedhani elimu ya nyumba ile imezikwa pamoja na mwenyewe. Haikuwa hivyo. Jamaa yao, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, alimchukua yatima yule, akamlea na kumsomesha. Kabla ya vitabu na kabla ya vyeo, alikuwepo mtu mzima aliyemhesabu mtoto huyu kuwa ni amana yake.

Alipokua, hakutosheka na alichokipata nyumbani. Alikwenda Unguja, akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyekuwa kadhi huko, na kwa Sheikh Abdallah Bakathir, ambaye madrasa yake ilikuwa Ukutani. Tukumbuke jinsi watu walivyosoma zama zile. Mwanafunzi alikaa chini mbele ya shekhe wake na kitabu mkononi, akasoma, akakosea, akasahihishwa papo hapo. Kosa halikulala. Sisi leo kosa letu twalijua matokeo yakibandikwa, na wako miongoni mwetu wanaomaliza muhula mzima bila kubisha hodi hata mara moja kwenye ofisi ya mhadhiri.

Sheikh Al-Amin hakuishia kwenye vitabu vya darsa pia. Alisoma maandishi yaliyotoka Misri, likiwemo jarida la Al-Manar la Rashid Rida, akayapima na hali ya watu wake. Aliona Waislamu wa pwani wameachwa nyuma katika elimu ya dunia, na hakuona kwamba kuitafuta elimu hiyo kunamtoa mtu katika dini yake au kumfanya aione haya lugha yake. Basi mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo, Al-Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha jingine, Al-Islah. Angeweza kuandika kwa Kiarabu tu, akasomwa na wanavyuoni wenzake. Yeye akaandika kwa Kiswahili, kwa makala fupi, ili mwenye duka na baharia wafahamu. Baadaye baadhi ya makala hayo yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, ambacho bado kinasomwa.

Mwaka huo wa 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya. Kazi ya hukumu haikumwondoa katika kusomesha. Mmoja wa wanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu. Alianza pia kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili, lakini mauti yalimkuta mwaka 1947 kabla hajaimaliza.

Hapo historia ingeweza kukoma, lakini kuna habari ya mwanawe ambayo kila mwanafunzi wa Kampala anafaa kuijua. Sheikh alimwacha Ali akiwa na miaka 14. Alikuwa akitamani mtoto huyo akasome Al-Azhar. Mwaka 1949 Ali alifanya mtihani wa mwisho wa sekondari, akapata daraja la tatu, na kwa matokeo hayo hakuweza kuingia Makerere. Alipata kazi ndogo katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa. Siku moja alihutubia katika Maulidi, na miongoni mwa waliomsikia alikuwa Gavana wa Kenya, Philip Mitchell. Gavana alimsaidia kupata nafasi ya kusoma Uingereza. Alianzia Huddersfield, akapata shahada Manchester, kisha akaenda Columbia na Oxford. Mwaka 1963 aliingia Makerere akiwa mwalimu, na mwaka 1965 alikuwa profesa. Huyo ndiye Profesa Ali Mazrui.

Baba na mwana, wote wawili walipatwa na jambo ambalo lingeweza kuwakatiza masomo, na wote wawili walipata mtu wa kuwashika mkono. Ninayasema haya kwa sababu nakaa Ggaba mwaka wa tatu sasa, na nimewaona wenzetu wakiondoka kimyakimya. Mtu anaanza kukosa kipindi kimoja, kisha viwili. Kazi ya kuandika inampita, ada inachelewa, naye anaona haya kusema. Siku moja mnapita chumbani kwake mnakuta kufuli, mnaambiwa amerudi kwao. Wengi wao hawakuwa wazito wa kufahamu. Hawakuwa na mtu aliyejua kwamba wanazama.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu katika wiki hizi za mwanzo. Mjue mhadhiri mmoja kwa uso, umwendee na swali lako kabla ya mtihani. Usiusome mlango mgumu peke yako: kaeni wawili watatu, mwelezane kwa Kiswahili au kwa Kiganda mpaka kila mmoja aweze kuueleza, kisha kila mtu aandike Kiingereza chake mwenyewe. Na likikufika zito, la ada, la maradhi au la nyumbani, mwambie mtu wiki hiyo hiyo.

Sisi tuliotangulia tuna wajibu wetu. Kila Jumamosi baada ya Alasiri tunakaa barazani katika hosteli yetu hapa Ggaba kwa ajili ya wanafunzi wapya. Ukija na kazi uliyorudishiwa imejaa wino mwekundu, ndiyo hasa tunayoitaka. Na mwenzangu wa mwaka wa pili au wa tatu, mtazame jirani yako wa chumba cha pili. Ukiwa hujamwona siku tatu, gonga mlango.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa, na atufanye tuwe wa kushikana mikono. Amin.