Zeppelin: Merikebu yake ilipoungua ndipo bahati ikamjia

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Lakini yuko mtu mmoja katika historia ambaye hakuteleza tu. Alianguka, tena mbele ya macho ya maelfu ya watu, na kule kuanguka kwake ndiko kulikomwinua. Mtu huyo ni marehemu Ferdinand von Zeppelin, Mjerumani aliyeunda zile merikebu kubwa za angani ambazo hadi leo zinaitwa kwa jina lake.

Msomaji asizifananishe merikebu hizo na ndege tunazoziona zikitua Embakasi. Hazikuwa na mabawa. Zilikuwa na umbo la biringani refu ajabu, mifupa yake ya aluminiamu, na juu ya mifupa hiyo limevikwa vazi la kitambaa. Ndani yake mlikuwa na mifuko mingi iliyojazwa gesi ya haidrojeni, ambayo ni nyepesi kuliko hewa. Gesi ndiyo iliyoinua chombo, injini zikakisukuma na usukani ukakiongoza. Puto la kawaida huenda unakotaka upepo, lakini merikebu hii ilikusudiwa kwenda anakotaka nahodha. Kasoro yake kubwa ilikuwa moja: haidrojeni hushika moto upesi mno.

Zeppelin alizaliwa tarehe 8 Julai, 1838, katika mji wa Konstanz, kando ya ziwa kubwa lililoko mpakani mwa Ujerumani na Uswisi. Ukoo wake ulikuwa wa mabwanyenye, na kama vijana wengi wa tabaka lake alijiunga na jeshi. Mwaka 1863 alivuka bahari kwenda Marekani kutazama vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokuwa vikipiganwa huko. Alipofika mji wa St. Paul, Minnesota, alipanda puto kwa mara ya kwanza maishani mwake. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka 25.

Miaka saba baadaye alipigana katika vita vya Ujerumani na Ufaransa, akapata sifa ya ushujaa kwa kupenya nyuma ya mstari wa adui akiwa juu ya farasi. Katika vita hivyo Wafaransa waliozingirwa Paris walikuwa wakirusha maputo kupeleka barua na watu nje ya mji. Mwaka 1874 Zeppelin aliandika katika daftari lake mawazo ya kwanza juu ya chombo kikubwa cha kubeba watu na mizigo angani. Mawazo hayo yalilala daftarini kwa miaka mingi, maana mwenyewe alikuwa bado mtumishi wa jeshi.

Mwaka 1890 mambo yakamgeukia. Alikuwa ameandika malalamiko juu ya namna Waprusi walivyoyatawala majeshi ya jimbo lake la Württemberg, na wakubwa hawakufurahi. Baada ya mazoezi ya kijeshi ya mwaka huo alipewa alama mbaya, akastaafishwa akiwa na umri wa miaka 52. Kwa askari wa ukoo wake hiyo ilikuwa fedheha. Wengine wangekaa nyumbani kulea wajukuu, lakini yeye alilitoa daftari lake akaanza kazi upya.

Haikuwa kazi rahisi. Tume ya wataalamu wa serikali iliitazama michoro yake ikaikataa. Akapata hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1895, akaunda kampuni mwaka 1898, na sehemu kubwa ya fedha ikatoka mfukoni mwake mwenyewe. Watu wakaanza kumcheka na kumwona mzee aliyepungukiwa na akili.

Tarehe 2 Julai, 1900, merikebu ya kwanza iliruka juu ya ziwa, watazamaji wakiwa wamejaa ufukoni na mashuani. Ilikuwa na urefu wa mita 128 na ilibeba watu watano. Ilikaa angani kama dakika 18 tu, kisha mtambo wa kusawazisha uzito ukaharibika, ikabidi itue majini. Iliruka mara mbili zaidi, fedha zikaisha, kampuni ikavunjwa na chombo kikauzwa kama vyuma chakavu.

Ya pili ilikuwa na bahati mbaya zaidi. Iliruka Januari 1906, injini zikazimika, ikatua mashambani mbali na nyumbani. Usiku ule ule dhoruba ikaivunjavunja. Kulikuwa na mwandishi wa magazeti aliyeitwa Hugo Eckener ambaye aliandika kueleza makosa ya merikebu hiyo. Zeppelin hakumtukana. Alikwenda nyumbani kwake kuzungumza naye, na baada ya muda Eckener akajiunga na kazi hiyo, akaja kuwa nahodha mashuhuri kuliko wote.

Ya tatu ilifanya vizuri, nayo serikali ikaanza kutega sikio. Iliahidi kununua merikebu zake ikiwa moja ingeweza kusafiri saa 24 mfululizo. Basi tarehe 4 Agosti, 1908, siku chache baada ya kutimiza miaka 70, mzee huyo aliondoka Friedrichshafen na merikebu ya nne, akaufuata mto Rhine kwenda Mainz. Miji yote njiani watu walipanda juu ya mapaa kuitazama. Lakini injini zilimsumbua, akalazimika kutua mtoni kabla ya kufika Mainz. Usiku aliruka tena, akafika Mainz na kugeuza, na asubuhi ya tarehe 5 injini moja ikaharibika kabisa. Akatua katika shamba karibu na kijiji cha Echterdingen, jirani na Stuttgart, ili mafundi wairekebishe.

Habari zikaenea kama moto wa nyika. Watu wakamiminika kwa miguu, kwa baiskeli na kwa magari ya farasi, hata wakawa maelfu kwa maelfu. Askari walishika kamba kuizuia merikebu, na mzee akaenda kupumzika katika nyumba ya wageni. Alasiri upepo mkali ulitokea ghafula. Merikebu ikang'oka, ikawaburuta askari, ikapaa bila nahodha, kisha ikagonga miti na kuwaka moto. Kwa muda mfupi tu kazi ya miaka mingi ikawa rundo la vyuma vilivyopinda. Kwa bahati njema hakuna aliyekufa. Baadaye wataalamu walieleza kuwa huenda cheche za umeme zilitokana na kusuguana kwa vitambaa vya mifuko ya gesi.

Mzee alifika akapita katikati ya watu walionyamaza na kuvua kofia zao. Aliamini kwamba amekwisha. Hakujua kwamba saa ile ile Wajerumani walikuwa wameanza kuchangishana. Matajiri walitoa, wafanyakazi walitoa, watoto wa shule wakapeleka senti zao. Hakuna serikali iliyowaamuru wala kamati iliyopita nyumba kwa nyumba. Zilipohesabiwa, fedha hizo zilizidi marki milioni 6. Hivyo moto wa siku moja ulimpa alichokosa kwa miaka 18 ya kubisha hodi. Kwa fedha hizo alianzisha kiwanda kikubwa Friedrichshafen, na mwaka huo huo Kaisari mwenyewe akamvika nishani.

Mwaka 1909 likaundwa shirika la kwanza duniani la kusafirisha abiria kwa merikebu za angani. Ajali hazikukoma. Mwaka 1910 merikebu Deutschland, iliyobeba waandishi wa magazeti, ilianguka juu ya miti ya msitu wa Teutoburg, na mwaka uliofuata ya pili yenye jina hilo ikasukumwa na upepo juu ya banda lake mjini Düsseldorf, abiria wakateremshwa kwa ngazi. Hata hivyo, hadi 1914 shirika hilo lilibeba watu zaidi ya 34,000, wakiwemo wahudumu wake, na hakuna abiria aliyepoteza maisha.

Waliokufa walikuwa wanajeshi. Septemba 1913 merikebu ya jeshi la majini ilianguka baharini karibu na Helgoland, wakafa watu 14. Mwezi uliofuata nyingine ililipuka angani Johannisthal, Berlin, katika uwanja uliozoea kujaa watazamaji wa maonyesho ya ndege. Wote 28 waliokuwamo waliangamia. Safari hii hapakuwa na mchango wa watoto. Palikuwa na majeneza na wajane, na mazishini mzee akagombana na mkuu wa jeshi la majini, Tirpitz.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Zeppelin hakuwa na kigugumizi. Alitaka merikebu zake zitumike kupiga miji ya Uingereza. Kuanzia Januari 1915 zilidondosha mabomu usiku juu ya raia waliolala, na hadi vita vilipokwisha zilikuwa zimeua watu zaidi ya 500 nchini humo. Senti za huruma za mwaka 1908 zilikuwa zimejenga kiwanda, na kiwanda kikatengeneza silaha. Mwenyewe alifariki mjini Berlin kwa ugonjwa wa mapafu tarehe 8 Machi, 1917, akazikwa Stuttgart.

Miezi minane baadaye jina lake nusura lifike kwetu Afrika Mashariki. Jenerali von Lettow-Vorbeck alikuwa amebanwa na Waingereza kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania. Hivyo ndivyo vita vilivyowachukua maelfu ya wapagazi kutoka Kenya, ambao wengi hawakurudi, na jina la Kariokor hapa Nairobi latokana na kikosi chao. Tarehe 21 Novemba, 1917, merikebu L59 iliondoka Yambol, Bulgaria, ikiwa na tani zipatazo 15 za risasi, dawa na bunduki. Isingerudi, bali kitambaa chake kingefanywa mahema na nguo za askari. Ilipovuka Misri na kufika magharibi ya Khartoum ikaitwa kwa simu ya upepo irudi, maana hali ya jenerali ilikuwa imebadilika. Ilitua Yambol baada ya saa 95 na zaidi ya kilomita 6,700. Aprili 1918 ikawaka moto juu ya bahari karibu na Italia, na mabaharia wake wote 21 wakafa.

Eckener aliiendeleza kazi. Merikebu iliyopewa jina la mzee iliizunguka dunia mwaka 1929. Lakini tarehe 6 Mei, 1937, Hindenburg iliungua Lakehurst, Marekani, watu 36 wakafa, na siku za haidrojeni zikaisha. Merikebu chache zinazoruka leo kwa jina la Zeppelin zimejazwa heliamu, gesi isiyoshika moto.

Pale Echterdingen, mwaka 1908, moto ule haukumuua mtu, na watu wakauchukua kama bahati mbaya ya mzee mmoja. Wakamfuta machozi kwa fedha, naye akajenga tena, kwa gesi ile ile.