Waziri wa Barabara na Hisa Zake

Mvua za masika zikishakatika, mashimo huonekana barabarani, na haupiti muda maswali nayo huonekana katika Baraza la Wawakilishi. Mwakilishi huuliza ni lini barabara ya jimboni kwake itatiwa lami. Waziri husimama na kueleza kwamba upimaji umekamilika na fedha zinatafutwa. Likija swali la nyongeza, hueleza yale yale kwa maneno mengine. Wananchi wamekwisha kuizoea lugha hiyo, na baadhi yao waweza kuyatunga majibu hayo wenyewe kabla Waziri hajasimama.

Leo tumeona tuwasimulie wasomaji wetu, na hasa wale walio katika ofisi za Serikali, maisha ya waziri mmoja wa nchi ya visiwa kama yetu, yaani Uingereza. Kwa miaka mitano alijibu maswali ya barabara, na alizijenga kweli. Swali lililomsumbua zaidi halikuhusu shimo wala lami.

Ernest Marples alizaliwa tarehe 9 Desemba 1907 katika mtaa wa Levenshulme, mjini Manchester. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo na mtu wa chama cha wafanyakazi. Mama yake alifanya kazi katika kiwanda cha kofia. Kijana huyo alipata nafasi ya skuli ya sekondari kwa kushinda mtihani, na akiwa na umri wa miaka 14 alikuwa akiuza sigara na peremende kwa watazamaji wa mpira. Baadaye alifanya kazi nyingi, ikiwemo ya mgodini na ya upishi, hata akahitimu uhasibu. Vita vilipokuja alitumikia jeshi la mizinga na kufikia cheo cha kapteni. Mwaka 1945 alichaguliwa Mbunge wa Wallasey kwa tiketi ya chama cha Conservative, na kiti hicho alikikalia hadi 1974.

Mwaka 1948 Marples na mhandisi Reginald Ridgway waliunda kampuni ya ujenzi iliyobeba majina yao mawili. Alipopewa unaibu waziri mwaka 1951 aliacha uongozi wa kampuni, lakini hisa zake hakuziacha. Wakati huo alisimamia nyumba, kisha tangu 1957 akasimamia posta na simu, na hakuna aliyeona haja ya kupiga kelele. Lakini mwezi Oktoba 1959 Waziri Mkuu Harold Macmillan alimkabidhi Wizara ya Uchukuzi. Kuanzia siku hiyo mwenye sehemu kubwa ya kampuni ya kujenga barabara na madaraja akawa ndiye Waziri wa barabara.

Siku ya 2 Novemba 1959, hata wiki tatu hazijatimia ofisini, aliifungua barabara kuu ya M1. Kampuni ya John Laing ilikuwa imejenga sehemu yake kubwa, takriban kilomita 90, kwa muda wa miezi 19. Twawaomba wahusika waisome tena tarakimu hiyo. Wakati huo M1 haikuwa na kikomo cha mwendo, na inasemekana Waziri alifadhaika alipoyaona magari yakipita mbele yake kwa kasi ile.

Bungeni, maswali ya barabara yalikuwa na utaratibu wake. Kwa sheria ya mwaka 1936 Wizara ilichukua dhamana ya barabara kuu, na zilizosalia zilikuwa chini ya mabaraza ya majimbo na miji. Hivyo waziri aliyeulizwa juu ya barabara ya kijiji aliweza kulirejesha swali kwa baraza husika na kuketi kwa salama. Swali la hisa halikuwa na baraza la kulirejeshea. Wakati huo huo kampuni yake ilikuwa mbioni kupata kazi ya daraja la juu la Hammersmith, magharibi ya London, ambalo mwenye kuligawa alikuwa Baraza la Jiji.

Tarehe 28 Januari 1960 Marples alisimama Bungeni kutoa maelezo yake binafsi. Alieleza kwamba tangu aingie serikalini hakushughulika na zabuni yoyote ya kampuni ile, na kwamba alikuwa katika kuziuza hisa zake. Lakini aliongeza jambo moja: wanunuzi walimtaka aahidi kuzinunua tena kwa bei ile ile, ikiwa watapenda hivyo, atakapokuwa ameondoka madarakani. Baadaye ikajulikana kwamba hisa hizo zilikuwa zimeingia mikononi mwa mkewe. Daraja la Hammersmith lilifunguliwa mwaka 1961, na kampuni ya Marples na Ridgway ndiyo iliyolijenga.

Sisi hatusemi kwamba aliiba. Tunalosema ni kwamba mtu aliyechukua miezi mitatu kuyaeleza mambo yake, kisha mali ikahama kutoka chumba kimoja hadi kingine cha nyumba ile ile, asishangae watu wakimtilia shaka hata katika mema yake. Azimio la Arusha la 1967 lilikata shauri hilo kwa mkato: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Ni hapa hapa Zanzibar, mwaka 1991, ndipo Halmashauri Kuu ya CCM ilipolegeza sharti hilo. Kwa hiyo kisa hiki si cha Waingereza peke yao.

Na mema yalikuwepo. Mwaka 1960 alianzisha ukaguzi wa lazima wa magari yaliyopita umri wa miaka kumi. Ni yeye pia aliyemtaka Profesa Colin Buchanan achunguze msongamano wa magari mijini, na ripoti yake ya 1963 ikasomwa nchi nyingi. Lakini mwaka 1961 alimkabidhi Dokta Richard Beeching shirika la reli, kwa mshahara wa pauni 24,000 kwa mwaka, uliozidi ule wa Waziri Mkuu. Mwezi Machi 1963 Beeching alipendekeza vituo 2,363 vifungwe, na njia za reli zipatazo maili 5,000.

Wakaazi wa kisiwa cha Wight waliona katika orodha ile kwamba reli yao yote imo. Walipinga, na kipande cha kutoka Ryde hadi Shanklin kikaokolewa. Njia ya kwenda Cowes na ile ya Ventnor zilifungwa mwaka 1966, Marples akiwa ameshatoka. Wengi waliosikia reli inakatwa waliuliza mara moja ni nani anayefaidika barabara zikiongezeka. Jibu la Januari 1960 halikuweza kuwanyamazisha.

Serikali yake ilishindwa katika uchaguzi wa Oktoba 1964. Mwaka 1974 alipewa ulodi, na mapema mwaka 1975 akahamia Monaco, akiwa na mzozo na wakuu wa kodi. Alifariki huko tarehe 6 Julai 1978, akazikwa Manchester. Alipokuwa Waziri, wenye magari walibandika karatasi za kumtaka aondoke, na mtu mmoja aliyaandika maneno hayo kwa rangi juu ya daraja la M1. Yalibakia hapo miaka mingi baada ya yeye kutoka wizarani.