Baden-Powell: Mwanajeshi wa dola aliyelala Nyeri

KILA ifikapo Februari 22, mji wa Nyeri hupokea wageni waliovalia sare na kujifunga skafu shingoni. Ni maskauti, wengi wao wanafunzi wa shule za humu nchini, na baadhi yao wametoka ng'ambo. Hukusanyika katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, mbele ya kaburi lililoelekea Mlima Kenya, kisha wengi huenda kuizuru nyumba ndogo iliyo katika uwanja wa hoteli ya Outspan. Nyumba hiyo huitwa Paxtu, nayo ndiyo makao ya mwisho ya Robert Baden-Powell, mwasisi wa uskauti duniani.

Baden-Powell alizaliwa jijini London mnamo Februari 22, 1857. Baba yake, aliyekuwa kasisi na msomi, alifariki mwanawe akiwa na umri wa miaka mitatu tu, na mama akabaki na jukumu la kuwalea watoto. Katika shule ya Charterhouse hakusifika sana kwa masomo. Alipenda zaidi kujipenyeza kichakani karibu na shule, akinyemelea wanyama na kujifunza kuishi bila kuonekana. Mchezo huo wa utotoni ndio uliokuja kuwa kazi yake ya maisha.

Mwaka wa 1876 alijiunga na jeshi la Uingereza na kupelekwa India. Baadaye dola ilimtuma Afrika, na hapa ndipo historia yake inapokuwa chungu kwa msomaji Mwafrika. Mnamo 1895 na 1896 alikuwa katika msafara uliomkamata Prempeh, mfalme wa Waashanti, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Mwaka huo wa 1896 alipelekwa kupigana na Wandebele na Washona waliokuwa wameasi utawala wa kampuni ya Cecil Rhodes katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Huko aliagiza kiongozi mmoja aliyetekwa, Uwini, ashtakiwe mbele ya mahakama ya kijeshi, na mateka huyo akauawa kwa kupigwa risasi. Jeshi lilifanya uchunguzi na kumwondolea Baden-Powell lawama.

Jina lake lilivuma katika vita vya Waingereza na Makaburu nchini Afrika Kusini. Kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900 aliuongoza mji mdogo wa Mafeking, uliozingirwa kwa siku 217. Mji ulipookolewa, Waingereza walijaa barabarani London wakisherehekea, naye akapandishwa cheo kuwa meja jenerali akiwa na umri wa miaka 43. Hata hivyo, Wabarolong waliobeba silaha kuulinda mji huo hawakushangiliwa kama yeye. Waafrika walipewa chakula kidogo kuliko wazungu, na wengi wao walikufa kwa njaa. Mkalimani wa mahakama mjini humo, Sol Plaatje, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha ANC, aliandika shajara ya siku hizo. Shajara hiyo ilichapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1973, zaidi ya miaka 70 baada ya mzingiro.

Ni katika Mafeking hiyo ambapo wavulana walitumiwa kupeleka ujumbe na kufanya kazi nyingine ndogondogo, na Baden-Powell akaona jinsi kijana anavyokua anapoaminiwa kupewa jukumu. Mnamo Agosti 1907 aliwapeleka wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Aliwachanganya wana wa matajiri na wa maskini, akawagawa katika vikundi vidogo na kuwafundisha kupika, kufunga mafundo, kusoma nyayo na kusaidiana. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha Scouting for Boys. Vikundi vya maskauti vilichipuka haraka kuliko alivyotarajia, na mwaka wa 1910 akastaafu jeshini ili kuvishughulikia. Mwaka huo huo uskauti uliingia Kenya, na wasichana nao wakaanzishiwa chama chao cha Girl Guides.

Mwaka wa 1912 alimwoa Olave Soames, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka 32 lakini aliyezaliwa tarehe na mwezi ule ule. Walijaliwa watoto watatu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza walinunua nyumba waliyoiita Pax Hill, kwa kuwa neno 'pax' kwa Kilatini ni amani.

Nyeri ilimjia kupitia kwa rafiki. Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake, alikuwa amefungua Outspan mnamo 1928, na miaka minne baadaye akajenga Treetops katika msitu wa Aberdare. Baden-Powell alipoitembelea hoteli hiyo katika miaka ya 1930, mandhari ya mlima yalimteka moyo. Afya yake ilipozorota, alijengewa nyumba katika uwanja wa hoteli, akaipa jina la Paxtu, yaani Pax ya pili. Hapo barazani mzee aliyezoea farasi na bunduki alishika brashi na kalamu, akachora wanyama na ndege na kuandika vitabu. Alifariki Januari 8, 1941, akiwa na umri wa miaka 83.

Kaburi lake lina alama ya duara lenye nukta katikati, ambayo kwa maskauti ina maana kwamba aliyepita amekwisha kwenda nyumbani. Olave alipofariki mwaka wa 1977, majivu yake yaliletwa Nyeri na kuzikwa pamoja na mumewe. Mnamo 2001 serikali ya Kenya ililitangaza kaburi hilo kuwa turathi ya taifa. Nyumba nayo ilipata wapangaji wengine, Jim Corbett na dada yake. Mwindaji huyo wa simbamarara wa India alifariki mwaka wa 1955 na kuzikwa katika makaburi yayo hayo. Leo Paxtu ni makumbusho madogo, yenye picha pamoja na skafu na beji ambazo maskauti wa mataifa mengi huziacha kama ukumbusho wa ziara yao.

Lakini Nyeri si mji wa Baden-Powell peke yake. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu, alikamatwa na kuhukumiwa katika mji huu, kisha akanyongwa Kamiti mnamo Februari 18, 1957. Siku nne baadaye maskauti wa dunia waliadhimisha miaka 100 tangu mwasisi wao azaliwe. Katika miaka hiyo hiyo ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwafungia vijana waliodhaniwa kuwa wafuasi wa Mau Mau katika kambi ya Wamumu, nchi ya Mwea, na uskauti ukawa miongoni mwa mbinu za kuwafanya waitii serikali.

Inastaajabisha basi kwamba baada ya uhuru wa 1963 Wakenya hawakuutupa uskauti. Waliuchukua na kuufanya wao. Mwaka wa 1973 Nairobi iliandaa kongamano la maskauti wa dunia, na mwaka wa 2010 vijana wa mataifa mbalimbali wakapiga kambi Rowallan, jijini humo. Mtoto wa mkulima wa Othaya au wa Karatina anayepanda mti siku ya Februari 22 hafanyi hivyo kwa ajili ya dola iliyokwisha kuanguka, bali kwa ajili ya mto unaokauka kijijini kwao.

Hata hivyo, mtoto huyo anastahili kuelezwa habari yote. Anapoingia Paxtu, asikie habari za Brownsea na pia za Uwini; asikie sifa za Mafeking na pia njaa ya Wabarolong; na kabla ya kurudi nyumbani aelezwe ni nani aliyehukumiwa katika mji huo huo. Skauti hufundishwa kusoma nyayo zote zilizo njiani. Hata nyayo za mwasisi wake hazina budi kusomwa hivyo.