Karl von Frisch: Mwalimu Aliyekubali Kusahihishwa

Mwalimu mwanafunzi anapojiandaa kwenda mazoezini huambiwa mara nyingi kwamba sayansi ifundishwe kwa njia ya uchunguzi. Ni nadra, hata hivyo, kuelezwa namna anavyopaswa kuenenda pale uchunguzi huo unapomwonyesha kwamba yeye mwenyewe amekosea. Kwa sababu hiyo tumeonelea vema kuyasimulia hapa maisha ya Karl von Frisch, profesa wa elimu ya wanyama, aliyewaongoza vijana wengi katika kuchunguza tabia za nyuki.

Von Frisch alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 20 Novemba 1886. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji, na mjomba wake, Sigmund Exner, alikuwa profesa wa fiziolojia, yaani elimu ya utendaji kazi wa mwili. Tangu utotoni alipenda kufuga wanyama wa kila namna, akawatazama kwa saa nyingi, wala mama yake hakumkataza. Jamaa zake walikuwa na nyumba za mapumziko mahali paitwapo Brunnwinkl, kando ya ziwa. Huko alifanya majaribio yake mengi ya kiangazi, akisaidiwa na ndugu zake. Alianza kusomea udaktari wa binadamu, lakini akauacha na kugeukia elimu ya wanyama, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1910. Baadaye akawa msaidizi katika Chuo Kikuu cha Munich, Ujerumani.

Wakati huo mtaalamu mmoja mashuhuri wa macho, Carl von Hess, alishikilia kwamba nyuki hawaoni rangi. Von Frisch hakuridhika. Alijiuliza: kama nyuki haoni rangi, maua yamepakwa rangi kwa ajili ya nani? Jaribio lake lilikuwa rahisi kiasi cha kufanyika juu ya meza. Alipanga kadi za kijivu za viwango mbalimbali, kuanzia nyeupe hadi nyeusi, na katikati akaweka kadi moja ya buluu. Juu ya kila kadi aliweka kisahani, lakini maji ya sukari aliyatia katika kile cha kadi ya buluu tu. Nyuki walipokwisha kuzoea, akaweka visahani vitupu na kubadili mpango wa kadi. Nyuki waliijia buluu. Kama wangeuona weupe na weusi tu, wangeichanganya na mojawapo ya kadi za kijivu. Kwa kadi nyekundu ilikuwa kinyume: waliichanganya na zile nyeusi. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1914.

Alifundisha Rostock kuanzia 1921 na Breslau kuanzia 1923, na mwaka 1925 akarudi Munich kuwa mkuu wa taasisi ya elimu ya wanyama. Hapo ndipo kazi yake ya kulea watafiti vijana ilipopanuka. Vifaa vyao vikuu vilikuwa viwili: mzinga wenye kuta za kioo, na vitone vya rangi tano vilivyowekwa mgongoni mwa nyuki. Kwa kubadili rangi na mahali pa kitone, kila nyuki alipewa namba yake, hata mamia ya nyuki wakatambulikana mmoja mmoja kama wanafunzi katika orodha ya darasa.

Tukizitazama kazi za wanafunzi hao tunaona kwamba hawakuwa wapishi wa sukari wala wahesabuji wa profesa. Kila mmoja alikuwa na swali lake. Gustav Rösch alifuatilia nyuki waliotiwa alama tangu walipozaliwa, akaonyesha kwamba kazi hubadilika kadiri umri unavyosonga: kwanza kusafisha vyumba vya masega, kisha kulisha watoto, kujenga, na mwisho kwenda nje kutafuta chakula. Ingeborg Beling aliuliza kama nyuki anajua saa. Aliwalisha kwa saa ile ile kila siku. Kisha siku moja akaacha kisahani kitupu na kuandika namba ya kila nyuki aliyefika pamoja na wakati wake. Wengi walifika saa waliyoizoea. Aliyachapisha matokeo hayo mwaka 1929. Mwaka 1955 kijana mwingine wa taasisi hiyo, Max Renner, aliliendeleza swali hilo kwa kuwasafirisha nyuki kwa ndege kutoka Paris hadi New York. Huko walikitafuta chakula kila baada ya saa 24 kwa kufuata majira ya Paris. Basi saa yao ilikuwa ndani ya miili yao.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya. Mwaka 1919 von Frisch aliona kwamba nyuki aliyegundua chakula hurudi mzingani na kucheza ngoma juu ya sega, na wenzake wakamfuata. Aliona ngoma za aina mbili: moja ya mduara, na nyingine ya kutikisa mkia huku mchezaji akienda mbele kwa mstari ulionyooka. Katika maandishi yake ya mwaka 1923 alieleza kwamba ya mduara ni ya wachukuao maji matamu, na ya mkia ni ya wachukuao chavua. Maelezo hayo yalikubaliwa, na kwa takriban miaka 20 yeye mwenyewe aliyafundisha.

Yalikuwa na kosa. Mnamo 1944, katika majaribio aliyofanya pamoja na msaidizi wake Ruth Beutler, maji ya sukari yaliwekwa mbali na mzinga, na nyuki walioyachukua wakacheza ngoma ya mkia. Hapo awali profesa alikuwa ameweka sukari karibu na mzinga kwa ajili ya urahisi, ilhali wachukuao chavua walitoka kwenye maua ya mbali. Kumbe tofauti haikutokana na aina ya chakula, bali na umbali wake. Von Frisch hakulitetea andiko lake. Aliyarudia majaribio upya, na katika kurudia huko akapata jambo kubwa zaidi: ngoma ya mkia huonyesha umbali, na pia upande. Pembe iliyopo kati ya mstari wa ngoma na mstari wa wima wa sega ni sawa na pembe iliyopo kati ya njia ya chakula na jua.

Ugunduzi huo ulipatikana katika siku za hatari. Mwaka 1941 serikali ya Hitler ilikuwa imeamua kumwondoa kazini kwa sababu bibi yake mzaa mama alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Tena alilaumiwa kwa kuwapa nafasi wasaidizi Wayahudi. Kilichomponya ni maradhi ya nosema, yaliyokuwa yakiangamiza mizinga mingi. Kwa kuwa nchi ilihitaji chakula, wenzake waliomba aachwe ayachunguze, na uamuzi ukaahirishwa hadi mwisho wa vita. Jengo la taasisi lilibomolewa kwa mabomu.

Katika miaka hiyo alimjia Martin Lindauer, kijana wa ukoo wa wakulima aliyejeruhiwa vitani upande wa Urusi. Lindauer alimtazama nyuki mmoja, namba 107, kwa zaidi ya saa 170. Sisi sote tumezoea kumsifu nyuki kwa kutopumzika. Lindauer aliandika alichokiona, kwamba sehemu kubwa ya wakati huo nyuki huyo alipumzika au alizungukazunguka tu mzingani. Mwaka 1949 aliona nyuki wakicheza juu ya kundi lililohama, nao walikuwa wamechafuka kwa masizi na vumbi la matofali. Mtafuta maua hachafuki hivyo. Akatambua kwamba walikuwa wakitangaza nyumba mpya, wakishindana kwa ngoma mpaka kundi lipatane.

Von Frisch alistaafu mwaka 1958. Mwaka 1973 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen. Alifariki Munich tarehe 12 Juni 1982, akiwa na umri wa miaka 95.

Mwalimu wa shule ya msingi atasema kwamba hana mzinga wa kioo. Na kwa kuwa nyuki wa Afrika ya Mashariki ni wakali, hatumshauri kuutafuta. Lakini sisimizi wako katika kila uwanja wa shule, na punje chache za sukari zinatosha. Tuwape watoto swali moja dogo ambalo hata sisi hatujui jibu lake. Tuwafundishe kuandika walichokiona, si walichotarajia kukiona. Na siku mtoto atakapokuja na daftari linalopingana na maelezo yetu ya ubaoni, tusimkemee kwa kuipotosha kazi. Tutoke naye nje tukaangalie pamoja. Kwa miaka 20 profesa wa Munich alilifundisha kosa, na kukubali kuangalia tena ndiko kulikomfikisha kwenye ukweli.